Siku Ambayo Mfalme Edward Alikuwa Hai na Amekufa

Mtu wa kwanza kunilalamikia, nikiwa Uingereza, kwamba wageni walikuja wakawapora wenyeji ardhi, alikuwa Mwingereza. Mzee mstaafu, zamani mpima ardhi, anayeongea kwa sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele ng'ambo ya shamba. "Walituchukulia kila kitu," aliniambia. Alikuwa anawasema Wanormani, wavamizi kutoka Ufaransa, na mwaka aliokuwa anausema ni 1066. Uchungu wake ulikuwa wa mtu aliyefukuzwa shambani juzi.

Nilikuwa Kent nikisomea shahada ya uzamili ya sheria za ardhi, nikikaa kwa dada yangu ambaye ni muuguzi Maidstone. Mwishoni mwa wiki kulikuwa na kikundi cha watu wa makamo waliokutana chumba cha nyuma cha maktaba kubishana historia. Mara ya kwanza nilifuata joto na chai. Nikaendelea kwenda kwa sababu ya ule ugomvi. Mimi ni wakili kutoka Mombasa na kazi yangu kubwa ni kesi za mashamba. Sikutegemea kukuta watu wanaogombania ardhi kwa hasira ileile ya Kilifi, ilhali waliopokonywa na waliopokonya wote wamekufa miaka mia tisa iliyopita.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mfalme Edward alifariki tarehe 5 Januari 1066 bila kuacha mtoto. Kesho yake Harold, bwana mkubwa kuliko wote nchini, akavishwa taji. William, mtawala wa Normandy, akasema ufalme ni wake: Edward alimwahidi, na Harold mwenyewe alikwisha kumlia kiapo. Tarehe 14 Oktoba wakakutana karibu na Hastings, Harold akauawa, na siku ya Krismasi William akatawazwa Westminster. Mpaka hapo hakuna anayebisha. Ubishi ni kama William alishinda vita au alishinda kesi ya mirathi.

Ukiniuliza mimi kama wakili, hilo swali si la mchezo hata kidogo. Aliyeshinda kesi ya mirathi anarithi nyumba pamoja na wapangaji wake, mikataba yao na madeni yake. Aliyeshinda vita anachukua nyumba tupu, na atakayelala humo ndani analala kwa hisani yake. Karne ya 17 Waingereza walikaribia kutoana roho kwa swali hilo, na baadaye wakatoana kweli. Edward Coke, jaji mkuu wa zamani aliyegeuka mwiba wa wafalme bungeni, alishikilia kwamba sheria za nchi ni za kale kuliko Wanormani, na kwamba William alizikuta, akaapa kuzilinda, basi. Mwaka 1628 hoja za namna hiyo ndizo zilizolisaidia bunge kumbana Charles wa Kwanza asimfunge mtu bila sababu wala kutoza kodi bila idhini. Utaona ujanja wake: ili haki zako zisiwe zawadi ya mfalme, inabidi ukatae kwamba mlishindwa. Mawakili wazima, wasomi, walisimama wakasema kwamba pale Hastings taifa halikushindwa. Aliyeshindwa ni Harold, mtu mmoja.

Upande wa pili alikuwapo Robert Brady, daktari wa tiba wa Cambridge, mtu wa mfalme. Yeye alizama kwenye nyaraka za kale akatoka na jibu lisilopendeza: William alishinda kweli, aligawa ardhi kwa watu wake, na uhuru wote mnaojivunia mlipewa na wafalme baadaye, kidogokidogo. Mpinzani wake, William Petyt, alikuwa mwanasheria mwenye mtazamo wa Coke. Wanahistoria wengi wa leo wanaona Brady alisoma nyaraka vizuri zaidi. Petyt alikuwa na siasa nzuri zaidi. Brady ndiye aliyekabidhiwa kutunza nyaraka za Mnara wa London, na baada ya mapinduzi ya 1688 yaliyomwondoa mfalme, kazi hiyo ikahamia kwa Petyt. Kwetu pia ukitaka kujua nani ameshinda siasa, tazama nani ameshika funguo za masijala ya ardhi.

Mzee wetu mpima hakuwa wa Coke wala wa Brady. Alikuwa wa Winstanley. Gerrard Winstanley na wenzake, maskini watupu, walipanda kilima cha St George's Hill huko Surrey mwezi Aprili 1649, miezi michache baada ya Charles kukatwa kichwa, wakaanza kulima maharage na karoti kwenye ardhi ya wazi. Hoja yao ilinyooka: ndiyo, tulishindwa mwaka 1066, na kila hati ya bwana mwenye shamba inarudi nyuma mpaka kwenye upanga wa William. Sasa mrithi wa William tumemwondoa, hizo hati zinasimamia nini? Mabwana wa pale waliwajibu kwa marungu na kesi za mahakamani. Mwaka uliofuata mambo yalikuwa yamekwisha. Kilima chenyewe leo kina majumba ya matajiri nyuma ya geti, na uwanja wa gofu.

Nilisimama nikamuunga mkono mzee. Nikawaambia kwamba ile nadharia ya William, kwamba ardhi yote ni ya mfalme na wengine wote wanaishika kutoka kwake, haikubaki Uingereza. Ilipanda meli. Ilifika kwetu ikiwa ndani ya Sheria ya Ardhi ya Ufalme ya 1902, kisha ya 1915, na mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth akaamua Nairobi kwamba Mwafrika aliyezaliwa kwenye shamba la babu yake ni mpangaji tu wa Mfalme, anayeweza kuondolewa wakati wowote. Chumba kilitulia. Mzee mpima alinitazama kama amepata ndugu aliyepotea.

Kisha mama mmoja, aliyekuwa akifuma sweta muda wote bila kuinua macho, akauliza: "Na hao Wasaksoni wenyewe, waliikuta ardhi tupu?"

Hakuna aliyemjibu. Wasaksoni ndio wale Waingereza ambao William aliwakuta; kabla yao walikuwapo Wabritoni, na haikuwa kwa karamu kwamba walisogea magharibi. Mimi nilinyamaza kwa sababu zangu. Pwani yetu ukianza kuuliza nani alikuwa wa kwanza, utawakuta Wagala kabla ya huyu, Wasegeju kabla ya yule, Mijikenda waliotoka Shungwaya, Waswahili wa miji ya mawe, Wamazrui, na kila mmoja ana mzee wa kukusimulia kwa nini hesabu ianzie kwake. Kesi huwa haziharibikii kwenye hati. Huharibikia hapo.

Tangu siku hiyo nikaacha kujiuliza nani ana haki, nikaanza kutazama jinsi watu wa zamani walivyoithibitisha. Bahati nzuri mahali pa kuanzia palikuwa mwendo mfupi kutoka kwa dada. Penenden Heath leo ni kiwanja cha kawaida cha kupumzikia, watoto wanacheza mpira, watu wanatembeza mbwa. Miaka michache baada ya Hastings kaunti nzima iliitwa hapo, na kesi ikasikilizwa kwa siku 3. Mdai alikuwa Lanfranc, Askofu Mkuu wa Canterbury. Mdaiwa alikuwa Odo, askofu wa Bayeux, aliyepewa Kent yote aitawale na kaka yake wa mama mmoja, mfalme William. Lanfranc alipofika Canterbury alikuta Odo na watu wake wamekwisha jikatia mashamba ya kanisa.

Nani basi alikuwa Mwingereza kati yao? Lanfranc alizaliwa Pavia, Italia. Odo Mnormani. Aliyeendesha baraza, Geoffrey askofu wa Coutances, Mnormani pia. Watu wote waliotoka ng'ambo, na kitu wanachogombania ni desturi za Kiingereza za wakati wa Mfalme Edward. Nani anazijua? Mfalme akaamuru waletwe Waingereza waliozielewa sheria za kale, na akamtaja mmoja kwa jina: Æthelric, mzee sana, aliyekuwa askofu kabla ya utawala mpya kumvua cheo. Hakuweza tena kutembea. Wakampakia kwenye gari la kukokotwa, wakamleta.

Nilikaa kwenye benchi pale nikamfikiria mzee huyo. Wamemnyang'anya uaskofu, na sasa wanamhitaji kwa sababu kile wanachokitaka hakimo kwenye upanga, kimo kichwani mwake. Mimi nimewaona akina Æthelric. Kwenye kikao kimoja huko kwetu upande mmoja ulimleta shahidi aliyekaribia miaka mia, amekunjwa siti ya nyuma ya Probox, wajukuu wawili wamemshika huku na huku. Alianza kutaja miembe. Mwembe huu ulipandwa na fulani, ule ulikuwa mpaka wa fulani na fulani, pale palikuwa na kisima. Wakili wa kampuni, kijana mzuri mwenye faili nene, alikuwa anaandika haraka kuliko sisi sote. Naye alimhitaji mzee. Ramani yake ilisema mpaka ni "mwembe".

Lanfranc alishinda sehemu kubwa ya kesi yake. Niseme pia, kwa haki, kwamba taarifa tuliyo nayo iliandikwa na watu wa upande wa Canterbury, na sijawahi kuona aliyeshinda akaandika kwamba mwenzake naye alikuwa na hoja.

Halafu ndipo nilipokwenda kwenye kile kitabu. Krismasi ya 1085, akiwa Gloucester, William aliamuru nchi ikaguliwe shamba kwa shamba, na kazi ikafanyika 1086. Waingereza wenyewe walikiita Domesday, yaani kitabu cha kiama, kwa kuwa hakina rufaa. Kinatunzwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Kew, na nakala zake anaweza kuzisoma mtu yeyote. Kina vijiji na mashamba zaidi ya 13,000. Kila mahali wakaguzi waliuliza yaleyale: nani anashika ardhi hii sasa, nani aliishika wakati wa Mfalme Edward, plau ngapi, wakulima wangapi, kinu kipo, thamani yake ilikuwa ngapi na sasa ni ngapi. Mahali pengine wameweka orodha nzima za madai: huyu anasema shamba ni lake, watu wa wilaya wanaapa kwamba si lake.

Kilichonikamata ni tarehe. Kitabu kinarudia tena na tena kauli moja, kwamba fulani alishika ardhi hii "siku ambayo Mfalme Edward alikuwa hai na amekufa". Yaani 5 Januari 1066. Hawakusema siku kabla ya vita, wala siku William alipotua. Maana yake ni kwamba miezi tisa ya Harold haimo. Mtu aliyepakwa mafuta na kuvishwa taji anaonekana humo kama bwana mkubwa tu, na utawala wake ukitajwa unatajwa kama unyang'anyi. Ikiwa Harold hakuwa mfalme, basi William alipokea moja kwa moja kutoka kwa Edward, na kilichotokea Hastings kilikuwa kumwondoa mvamizi kwenye nyumba ya marehemu. Na kila Mnormani aliyepewa ardhi alipewa kama mrithi wa Mwingereza fulani aliyetajwa kwa jina, na haki zilezile za huyo mtu, hata kama huyo mtu alikuwa bado hai anaomba kazi zizini.

Watu wanaosema kwamba Wanormani hawakujali sheria hawajasoma kitabu hicho. Waliijali kupita kiasi. Walichukua karibu nchi yote, na ukiitazama orodha ya mabwana wakubwa wasio wa kanisa mwaka 1086 unabaki na Waingereza wawili wa kuhesabika, Thorkell wa Arden na Colswein wa Lincoln. Lakini waliichukua kwa utaratibu, mirathi kwa mirathi, kutoka kwa siku moja waliyoichagua wenyewe.

Niliporudi kikundini nilisema hivyo: acheni kuuliza kama William alikuwa mshindi au mrithi. Ulizeni nani alichagua siku. Mzee mpima hakufurahi. Aliona nimewasaliti wakulima wa maharage. Ndipo akatoa silaha yake anayoipenda, upanga wenye kutu. Wafalme wa baadaye walianza kuwadai mabwana waonyeshe kwa mamlaka gani wanashika mahakama zao na mapendeleo yao. Wakati wa Edward wa Kwanza, Edward mwingine wa karne ya 13, mwandishi mmoja wa matukio anasimulia, Warenne, bwana wa Surrey, alisimama mbele ya majaji akachomoa upanga wa kale uliooza kwa kutu: hii ndiyo hati yangu, babu zangu walikuja na William, wakajipatia ardhi kwa upanga, na kwa upanga nitailinda. Wanahistoria wengi wanatilia shaka kama jambo hilo lilitokea hivyo. Mzee hajali. Kwake yeye, hapo bwana mmoja alisema ukweli kwa bahati mbaya.

Mimi nikamwonyesha kilichofuata, ambacho hakina upanga na hakisimuliwi na mtu. Mwaka 1275 sheria iliweka kwamba madai ya ardhi hayarudi nyuma zaidi ya 3 Septemba 1189, siku Richard wa Kwanza alipotawazwa. Mwaka 1290 mfalme akakubali kwamba aliyeshika pendeleo lake mfululizo tangu kabla ya utawala huo athibitishiwe, awe na hati au asiwe nayo. Mpaka leo Uingereza, anayedai haki ya desturi kimsingi anatakiwa iwe imekuwapo tangu 1189. Kwa hiyo mjukuu wa mwizi wa 1066 alisamehewa kwa kalenda. Upanga haukuhitajika. Miaka 123 ilitosha.

Mama wa sweta akacheka kwa mara ya kwanza.

Kent yenyewe, niseme kwa kupita, inajidai haikushindwa kabisa. Hadithi yao, iliyoandikwa vizazi vingi baadaye, ni kwamba watu wa Kent walimzingira William pale Swanscombe wakiwa wamejifunika matawi ya miti, wakamwambia achague, vita au mila zetu. Akawaachia mila. Hadithi ni hadithi, lakini mila ilikuwapo kweli: ardhi ya Kent iligawanywa sawa kwa watoto wote wa kiume badala ya kwenda kwa kifungua mimba peke yake, mjane alipata nusu, na mtu akinyongwa kwa kosa la jinai watoto wake hawakupoteza shamba. Iliishi mpaka ilipofutwa mwaka 1925. Nilimsimulia dada yangu, ambaye ana maoni makali kuhusu shamba la marehemu baba yetu. Alifurahi mpaka alipouliza habari za mabinti. Mabinti walipata pale tu palipokosekana mtoto wa kiume.

Nilirudi Mombasa kwenye kazi ileile. Sheria yetu ya dhuluma za kihistoria za ardhi, kama ilivyorekebishwa 2016, inatambua dhuluma zilizotokea kati ya 15 Juni 1895, Kenya ilipofanywa eneo la himaya, na 27 Agosti 2010, katiba mpya ilipozinduliwa. Zamani nilikuwa naisoma sentensi hiyo kama anwani ya barua. Sasa naisoma kama mstari wa kitabu cha Domesday. Kwa mtu wa bara aliyeondolewa kupisha walowezi, tarehe hiyo inamfaa, dhuluma yake yote imo ndani. Kwa watu wa ukanda wa pwani ni jambo lingine. Ardhi nyingi ya hapa iliandikiwa watu binafsi chini ya sheria ya hati ya 1908, hiyo imo ndani ya mstari. Lakini madai yaliyopewa hati mwaka 1908 mengi yalijengwa juu ya mambo ya enzi za Sultani, kabla ya 1895. Ukienda na kisa kinachoanzia huko, unaulizwa kwa adabu kabisa uanze hadithi mwaka mwingine.

Kwa hiyo wateja wakija, hasa maskwota walioishi mahali vizazi vitatu na hawana karatasi, sianzi tena na nani alikuwa wa kwanza. Naanza na kalenda. Nini kilitokea kabla ya 1895, nini kilitokea baada, na je, lile la kabla lina tendo lolote la baada linaloweza kulibeba: hati iliyotolewa, kesi iliyokataliwa, uzio uliowekwa, mwembe uliokatwa. Wazee wengine huchukia. Wanaona nawakata kumbukumbu. Ni kweli nazikata, na nawaambia hivyo, kwa sababu atakayetusikiliza atazikata hata hivyo, na afadhali tuchague wenyewe pa kukata.

Siku moja, kikao kimeahirishwa tena na watu wamechoka, niliwasimulia mazishi ya William. Alifariki Septemba 1087, akapelekwa Caen kuzikwa kwenye kanisa la Mtakatifu Stefano alilolijenga mwenyewe. Orderic Vitalis, mtawa ambaye mama yake alikuwa Mwingereza, ndiye aliyeandika. Mahubiri yamekwisha, mwili unangoja kushushwa, maaskofu wote wamesimama. Mtu mmoja, Ascelin mwana wa Arthur, akapaza sauti: hapa mnaposimama palikuwa ua wa nyumba ya baba yangu. Huyu mnayemwombea alimnyang'anya kwa nguvu, akajenga. Kwa jina la Mungu nakataza asifunikwe kwa udongo wangu. Wakaulizwa majirani. Majirani wakasema ni kweli. Maaskofu wakamwita pembeni, wakampa shilingi 60 hapohapo.

"Za shamba lote?" akauliza mzee mmoja.

"Za kaburi tu. Za shamba aliahidiwa."

Walicheka mpaka karani akachungulia mlangoni. Yule mzee akapangusa macho, akanisogelea. "Mwanangu wakili," akasema, "hebu tuulizie, upande wa kwetu kuna mkubwa yeyote anayetarajiwa kuzikwa karibuni?"